Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Ubelgiji: ripoti ya rubani Pierre iko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima, naiomba wizara yako itafute, na ikiipata iitoe hadharani, ripoti ambayo ofisa mmoja anayetajwa kwa jina moja tu, Pierre, anasemekana kuwaandikia wakubwa wake alipokuwa mkuu wa kiwanja kidogo cha ndege cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, enzi ambayo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji.

Habari zake zimetufikia kwa kuzunguka sana. Gazeti la Die Presse la Vienna lilizichapisha tarehe 29 Machi 1952, kisha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likazihifadhi kwenye majalada yake mwezi Agosti mwaka huohuo, na sasa yeyote anaweza kuzisoma. Inasimuliwa humo kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya migodi ya urani kwa dakika 10 hadi 12, na kwamba Pierre alivifuata kwa ndege ya kivita hadi zikabaki mita 120 hivi akifikie kimoja. Alikikadiria kipenyo cha mita 12 hadi 15. Akaona kiini kilichotulia tuli, chenye kifundo katikati na matundu madogo kadhaa, huku ukingo ukizunguka kwa kasi, umegubikwa na moto. Baada ya dakika 15 vikamponyoka kuelekea Ziwa Tanganyika, kwa mwendo aliokisia kuwa kilomita 1,500 kwa saa.

Sidai kwamba wageni wa sayari nyingine waliizuru Katanga, eneo letu hili la kusini-mashariki mwa Kongo. Nina shaka na taarifa hiyo, na kubwa zaidi ni ya jiografia: inaiweka migodi mashariki ya Mto Luapula, ilhali ng'ambo hiyo ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na mgodi wa urani wenyewe, Shinkolobwe, uko karibu na Likasi, magharibi kabisa ya mto huo. Aliyeandika hivyo ama hakuwa na ramani, ama alisimuliwa na mtu ambaye naye alisimuliwa. Tarehe ya tukio haitajwi, wala aina ya ndege.

Hata hivyo, Shinkolobwe ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Ni vigumu kuamini kwamba ndege ya kivita ingerushwa kukimbiza kitu juu ya migodi ya aina hiyo pasipo mtu kuandika hata mstari mmoja katika daftari la kiwanja. Na kama daftari lipo na halina mstari huo, basi hilo nalo ni jibu.

Jeshi lenu la anga halikuwa na woga wa namna hii usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1990, ndege mbili za F-16 ziliporushwa kufuatilia mianga iliyoripotiwa na raia na askari polisi. Data za rada zilionyeshwa kwa waandishi wa habari, na waliotaka kuzipinga wakapata cha kupinga. Sisi wa Katanga tunaomba utaratibu uleule.

Naomba basi majalada ya kiwanja cha Elisabethville ya miaka ya 1951 na 1952 yapekuliwe, na nakala ya kitakachopatikana iletwe Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kisipopatikana kitu, tuandikiwe rasmi kwamba hakuna.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa nyaraka za kale, Lubumbashi