Barua ya malalamiko: keria ya baiskeli mliyoniuzia, na dharau niliyofanyiwa kaunta

Ilazo,
Dodoma.

Kwa Meneja Mkuu,
Kupitia kwa Meneja wa Tawi, Dodoma.

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA KERIA YA BAISKELI YA KUFUNGA NYUMA YA GARI, NA DHARAU NILIYOFANYIWA DUKANI KWENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi kuishika heshima hiyo mpaka mwisho wa barua. Utaratibu wenu wa kurudisha bidhaa unaujua kuliko mimi, mmeuchapa nyuma ya risiti, kwa hiyo siurudii. Naanza na lile linaloniuma zaidi.

Niliirudisha keria yenu nikiwa na binti yangu. Kijana wenu wa kaunta, mbele ya wateja, aliichukua pini niliyomwonyesha, ile ya kuishikilia keria kwenye chuma cha gari, akaitupa juu ya kioo cha kaunta na kusema: "Mama, hivi ni vitu vya magari. Nenda kamlete mumeo, yeye tutaelewana." Akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu akamuuliza anataka nini. Mimi niliyelipa, mwenye risiti yenye jina langu mkononi, nikaachwa nimesimama.

Sasa nieleze keria yenyewe.

Siku niliponunua sikuja kubahatisha. Gari letu ni RAV4 ya zamani, ile yenye tairi la spea kwenye mlango wa nyuma. Chuma chake cha kuvutia tela kina tundu la mraba la inchi 2. Nililipima mwenyewe na kuandika kwenye karatasi. Niliandika na baiskeli zetu: ya mume wangu, yangu, na ya binti yangu ambayo ni baiskeli ya kike, haina bomba la juu. Karatasi ile nilimkabidhi kijana wenu. Nikamuuliza shina la keria, lile linaloingia kwenye tundu hilo, lina ukubwa gani, keria inabeba kilo ngapi, na kama itapita nyuma ya tairi la spea bila kuligusa. Anayeuza keria hizi anatakiwa ayajibu hayo kabla hajataja bei.

Karatasi hakuisoma. Alisema, "Hii inaingia gari lolote, mama."

Akanitolea keria ya kuning'iniza, yenye mikono miwili ambayo baiskeli inalazwa kwa bomba lake la juu. Nikamuuliza ya mtoto isiyo na bomba hilo itaning'inia wapi. Akajibu nifunge kwa mpira wa tyubu. Ndugu Meneja, kuna kipande cha bomba kinachouzwa kwa kazi hiyo, kinaunganisha shingo ya usukani na bomba la kiti ili baiskeli ya kike iweze kulazwa kama nyingine. Mtaalamu wa duka lenu hakukitaja, alitaja mpira wa tyubu. Nikauliza habari za keria ya aina nyingine, ile ambayo baiskeli inasimama kwa magurudumu yake bila kuning'inia popote. Mlikuwa nayo, imeegemezwa ukutani karibu na betri. Akasema hiyo nzito, "hutaiweza." Ni kweli keria hizo ni nzito, nyingine zinazidi kilo 20 hata kabla hujaweka baiskeli, na uzito huo unahesabiwa katika kile ambacho chuma cha gari kinaruhusiwa kubeba. Hilo ndilo alilopaswa kunieleza, pamoja na baiskeli zetu zina kilo ngapi na kinabaki nini. Kwa baiskeli ya kike ile ndiyo ilikuwa keria yetu, na ningeilipia.

Kumbe hata hiyo aliyoniuzia shina lake si la inchi 2. Ni la inchi moja na robo, limevishwa adapta ili lijae kwenye tundu la gari letu. Mimi nililijua hilo baadaye, gereji. Kijana wenu alilijua siku ile ile, maana ndiye aliyeivisha.

Fundi aliifungua mbele yangu. Tundu la pini kwenye chuma cha gari lina karibu milimita 16. Pini iliyokuwa kwenye boksi lenu haifiki 13, kwa sababu ni pini ya vyuma vidogo vile vya inchi moja na robo. Aliichomeka, akaisukuma kwa kidole, ikaenda huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bolti ya kukaza, ile inayozuia keria isicheze ndani ya bomba, haikuwemo kabisa. Kisha adapta imeisogeza keria nyuma zaidi, na kila inaposogea mbali na gari uzito ule ule unakivuta chuma kwa nguvu kubwa zaidi. Haya fundi wa mtaani aliyaona kwa kutazama tu.

Na stika. Hili naomba ulisome taratibu. Stika yenu ya bei ilibandikwa juu ya maandishi ya kiwanda kwenye boksi. Niliibandua kwa maji ya moto. Chini yake pameandikwa keria ni ya baiskeli 2, na kwamba isitumike na adapta. Kijana wenu aliniuzia kwa baiskeli tatu, pamoja na adapta. Mimi siamini stika ile ilikaa pale kwa bahati mbaya. Boksi ninalo, picha ninazo.

Tulikuwa tunaelekea Kolo, Kondoa, watoto wakaone michoro ya mapangoni, kisha tuendeshe baiskeli kule kidogo. Hatukufika. Tulishapita Mayamaya nikiwa nasikia chuma kinagonga nyuma, mume wangu akipunguza mwendo. Kwenye tuta la Haneti keria ikainama. Baiskeli ya binti yangu ikachomoka kwenye mpira wa tyubu ikaburuzwa kwenye lami, cheche zinaruka, na nyuma yetu lori. Dereva wa lori yule Mungu ambariki, alikanyaga breki akatoka pembeni kwenye vumbi. Angekuwa amesinzia, au angekuwa mwendesha bodaboda badala ya lori, ningekuwa naandika barua nyingine kabisa na si kwako. Rimu ya nyuma imepinda, uma wa mbele umepinda, na baiskeli yangu imechubuka hadi chuma.

Kabla ya hapo trafiki alikwisha tusimamisha kwa sababu baiskeli zilifunika namba ya gari na taa za nyuma. Alikuwa sahihi. Kibao cha taa na namba cha kufunga juu ya baiskeli mnakiuza, kipo kwenye rafu yenu. Hata hicho sikuambiwa.

Kwa hiyo siku ile nilipokuja kaunta sikuja kuomba msaada. Nilikuja na boksi, risiti, pini, karatasi yangu ya vipimo na rimu iliyopinda. Narudia kukueleza kilichotokea, kwa sababu nadhani msimamizi wako hajakueleza, na yeye alikuwepo, amekaa nyuma ya kioo anahesabu noti. Nilimwonyesha kijana maandishi yaliyokuwa chini ya stika. Akacheka. Hakunicheka kwa siri, alimwita mwenzake wa upande wa mataa aje aone. Nikamweleza habari ya tundu na pini, milimita kwa milimita. Ndipo akaichukua pini mkononi mwangu, akaitupa juu ya kioo, ikadunda ikaanguka chini upande wangu, na akasema ile kauli yake ya kamlete mumeo. Wateja wakacheka naye. Pini ilibaki chini. Binti yangu, mwenye miaka tisa, ndiye aliyeinama akaiokota, akaniambia, "Mama, twende." Msimamizi aliinua macho, akatutazama, akarudi kwenye noti zake. Huyo ndiye mliyemwacha asimamie duka.

Mume wangu alitaka kuja. Nimemkataza. Aliyepima ni mimi, aliyelipa ni mimi, na atakayejibiwa ni mimi.

Naomba, ndugu Meneja, nirudishiwe fedha zote za keria na adapta kama risiti ya EFD inavyoonyesha. Nakala nimeambatisha.

Na nikiendelea kuandika naona hilo halitoshi. Mtalipa rimu, uma na kazi ya fundi, kwa risiti zake. Kijana wenu na msimamizi wake wataniomba radhi kwa maandishi, na barua hiyo iandikwe kwa jina langu, si la mume wangu. Na keria zote zenye adapta zilizobaki kwenye rafu zitolewe, stika za bei zibanduliwe, na wote mliowauzia wapigiwe simu kabla hawajafika kwenye tuta lao. Namba zao mnazo, mnazichukua kila mnapouza.

Ukuta wa duka lenu una bango: mali ikishauzwa hairudishwi. Bango halifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akautegemea utaalamu wake, bidhaa ile lazima iifae kazi hiyo. Mimi nilieleza kwa maandishi. Na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mteja dhidi ya muuzaji anayempotosha. Kuficha maandishi ya kiwanda chini ya bei sijui mtakuita nini kingine mbele ya Tume ya Ushindani.

Nawapa siku 7 tangu mnapopokea barua hii. Nataka jibu la maandishi, msinipigie simu. Siku ya 8 malalamiko haya yanapelekwa Tume ya Ushindani pamoja na boksi, pini na picha, na nikitoka huko nafungua madai mahakamani hapa hapa Dodoma. Hapo nitadai na fidia ya safari iliyovunjika na ya binti yangu kuokota pini ile sakafuni kwenu. Fundi amekubali kuja kutoa ushahidi.

Mteja wenu,
Ilazo, Dodoma.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za boksi kabla na baada ya kubandua stika, picha za pini na rimu, na karatasi ya vipimo ambayo kijana wenu hakuisoma.