Malalamiko Kuhusu Somo la Mbwa Mwitu

Iringa,
Julai 2025.

Meneja wa Mafunzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SOMO LENU LA SHERIA ZA UWINDAJI NA MTIHANI WAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yangu iliwalipia vijana wanaoongoza wageni Ruaha kozi yenu ya mtandaoni. Somo la ndege na la huduma ya kwanza hatuna neno nayo. Tatizo ni mbwa mwitu.

Picha mliyoweka ni ya huyu wetu: madoa, masikio ya duara, miguu mirefu. Maelezo ya chini yake ni ya mnyama mwingine kabisa, yule wa kijivu wa Marekani na Ulaya ambaye naye kwa Kiswahili huitwa mbwa mwitu, eti "huwindwa na kutegwa kwa kibali". Wa pichani hayumo kwenye orodha ya wanyama wanaowindwa kwa leseni Tanzania, na kumuua ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Tena hakai hifadhini tu. Hutoka akazunguka mpaka kwenye malisho ya watu huku Pawaga na Idodi, na huko neno la mwongozaji mwenye cheti lina uzito. Mfugaji aliyeliwa mbuzi akisikia kibali kipo, mnadhani atangoja karatasi?

Kwenye mtihani mmeuliza kama mbwa mwitu wa Ruaha anaruhusiwa kuwindwa. Walioandika "hapana" mmewawekea kosa. Wawili wamekosa cheti kwa swali hilohilo. Aliyebahatisha "ndiyo" kapasi.

Hata huyo wa kijivu mmemkosea. Mmesema kibali chatosha Marekani nzima, kumbe kule sheria hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Montana na Idaho, ambako Bunge la nchi hiyo lilimwondolea ulinzi wa shirikisho mwaka 2011, anawindwa na kutegwa kwa leseni. Sehemu kubwa ya Wyoming anauawa hata bila leseni. Minnesota, Wisconsin na Michigan haruhusiwi kuwindwa. Ulinzi uliondolewa huko Januari 2021, na mwezi uliofuata wawindaji wa Wisconsin waliopangiwa 119 wakaua 218, ndani ya siku zisizotimia 3. Mahakama ikaurudisha tarehe 10 Februari 2022. Haya kijana wangu aliyasikia kwa mgeni wa Minnesota, akisahihishwa mbele ya gari zima. (Mgeni alikuwa mpole, lakini bakshishi hatukuiona.)

Nilipopiga simu nikajibiwa kwamba maswali yamehakikiwa na mtaalamu. Basi mtaalamu huyo anijibu kwa maandishi.

Naomba mtenganishe wanyama hao wawili, msahihishe alama, mtoe vyeti vya vijana wangu na kurudisha ada ya marudio mliyowatoza. Wote waliokwisha kusoma somo hilo watumiwe marekebisho, maana wengine wako kazini tayari Usangu na kwingineko. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaipeleka barua hii pamoja na nakala ya somo kwenye ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Wako katika kazi,

Mkurugenzi,
Ofisi ya Utalii, Iringa.