Karatasi za Mama: kikao Jumapili, Chikongola

Asalaam aleykum wanafamilia. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Tukutane Jumapili hii saa 10 alasiri nyumbani kwa Mama, Chikongola. Tunataka karatasi zake zote zikae kwenye faili moja. Sasa hivi nusu ziko kwenye mkoba wa harusi, nusu chini ya godoro.

Kila mtu aje na kilicho kwake:

1. Kaka mkubwa: hati ya shamba la mikorosho Newala na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika.
2. Dada wa Masasi: kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vya sukari, na maboksi ya dawa hata yakiwa matupu. Tutaandika jina la dawa, miligramu na saa ya kumeza, kwa herufi kubwa ili Mama asome mwenyewe. Daktari akiuliza, jibu lisiwe "kile kidonge cheupe".
3. Mimi: kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, kitabu cha benki.

Mchango ni sh. 10,000 kila mmoja, mwisho Ijumaa jioni, kwa mweka hazina. Ni ya faili na kutoa nakala; chenji itakuwa nauli ya bajaji ya kliniki.

Jamani, msitume humu picha za NIDA wala namba ya siri ya simu yake. Na karatasi ni za Mama: akisema hii iacheni, tunaiacha.

Jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi usiku. Walio Dar tutawapigia video, msizime simu.