Darasa letu lilianza Januari 1991, si siku ya mtihani

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wenzangu hadharani, maana faraghani nimewajibu mara tatu na kila mara naambiwa naleta siasa.

Sisi tuliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 1994 katika shule moja ya wavulana nje kidogo ya mji wa Webuye tumo mbioni kuandaa mkutano wa kukumbuka miaka yetu ya shule. Kamati ipo, mchango umeanza kuingia, na mwenzetu mmoja mwenye shamba upande wa Kitale ameahidi mbuzi wawili. Sina ugomvi na mbuzi. Nina ugomvi na orodha. Kamati ilikwenda shuleni ikapewa karatasi ya watahiniwa wa mwaka ule, majina na nambari za mtihani, na karatasi hiyo ndiyo sasa inaitwa darasa. Ina watu 61. Aliyemo ataalikwa, atashonewa fulana, na jina lake litachorwa kwenye kibao kitakachopigiliwa kando ya mlango wa ukumbi. Asiyekuwemo basi tena.

Tulioripoti Januari 1991 tulikuwa 84.

Hesabu hiyo siwezi kuisahau kwa sababu ya vitanda. Bweni la mamono, yaani wageni wa Kidato cha Kwanza, lilikuwa na vitanda 42 vya ghorofa, na mwalimu wa bweni alituambia jioni ya kwanza kwamba tumeenea kama mayai kwenye trei, hakuna tundu lililobaki. Mimi nililala juu. Aliyelala chini yangu alikuwa na nambari ya usajili inayofuata yangu, kwa kuwa tulikuwa tumepangana foleni moja mbele ya meza ya karani, yeye na mamake, mimi na babangu, kila mmoja na sanduku lake la bati. Tulipofika Kidato cha Nne bweni lilikuwa na nafasi tele. Vitanda vya juu tuliwekea masanduku na viatu vya kandanda, na sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza wenye vitanda walikwenda wapi.

Mkutano ni wa kukumbuka, basi tukumbuke vizuri. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na aliyeigonga saa kumi na nusu alfajiri alichukiwa kuliko naibu wa mwalimu mkuu. Upepo ukigeuka tulipata harufu ya kiwanda cha karatasi, harufu ya yai viza ambayo mgeni aliziba pua kwayo na mwenyeji akasema ni hewa tu. Mabati ya paa za jirani yaliliwa na kutu kabla ya wakati. Na hili hunichekesha mpaka leo: tulisoma jirani na kiwanda kikubwa cha karatasi, lakini tulikuwa tukifuta penseli kwenye daftari za mwaka uliopita ili tuandike upya. Kiwanda chenyewe kilikuja kufungwa 2009, na mji ukajua harufu ile ilikuwa ikilipia watoto wangapi karo.

Wenzangu wanapenda kusimulia githeri yenye fukusi na mwalimu wa Fizikia aliyetukimbiza hadi kwenye miwa. Nami napenda. Ila hadithi hizo zina mashahidi ambao hawamo kwenye karatasi ya watahiniwa. Aliyetumwa na sisi kuchungulia kama mwalimu amelala, akashikwa, akachapwa bila kututaja, hakufika Kidato cha Tatu. Mnamsimulia kila mwaka, mnacheka hadi machozi, halafu mnasema si wa darasa letu?

Wachache waliondoka kwa hiari au kwa utundu, hao tusiwapambe. Wengi waliondolewa na mambo mawili.

La kwanza lilikuwa vita. Mapigano ya kikabila yalizuka Meteitei, Nandi, Oktoba 1991, na kabla ya mwaka uliofuata kwisha yalikuwa yamefika Trans Nzoia na pande za Mlima Elgon. Tulipofungua shule 1992, wavulana wa upande wa mlimani walikuwa wamepungua. Mmoja alikuja na nguo alizovaa tu, bila sanduku, bila godoro. Familia yake ilikuwa imejibanza kwa jamaa Chwele, watu kumi na mmoja katika nyumba ya vyumba viwili. Alilala kitanda kimoja na rafiki yake muhula mzima. Muhula wa pili hakurudi. Hakufeli, hakufukuzwa. Nyumba yao ilichomwa na ng'ombe waliokuwa karo yake wakachukuliwa.

La pili lilikuwa karo yenyewe. Waliozaliwa baadaye hawajui 1993 ilikuwaje. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulikuwa umepita na pesa nyingi zilikuwa zimemwagwa nchini. Shilingi ikaanguka, dola iliyonunuliwa kwa shilingi 36 hivi ikapita 60 ndani ya mwaka. Unga ukapanda, mafuta ya taa yakapanda, na shule ikapandisha karo kwa sababu nayo hununua unga. Hapakuwa na mgao wa serikali wa kumlipia mtoto masomo ya sekondari. Mpango huo ulikuja 2008, ukianza na shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sisi wakati huo tulikuwa na watoto wetu.

Kutumwa karo, yaani kurudishwa nyumbani ukailete, kulifanyika paredi, Jumatatu. Mhasibu alisimama na daftari refu, akasoma majina polepole, na ukisikia lako unatoka mstarini unakwenda kando ya mlingoti. Hakuna aliyekutazama usoni. Kufikia saa nne mlikuwa barabarani, wa Misikhu na Kimilili njia moja, wa Lugari njia nyingine, wengi kwa miguu. Baada ya wiki mtu alirudi na nusu ya deni, au na gunia la mahindi lililopimwa kwenye stoo na kuandikwa kama karo. Wengine walirudi na barua ya chifu. Wengine hawakurudi, na hakuna siku iliyotangazwa kwamba fulani ameacha shule. Jina liliendelea kuitwa darasani wiki mbili tatu, tukijibu "nyumbani", mpaka mwalimu akachoka akaliruka.

Jirani yangu wa kitanda cha chini alitumwa karo muhula wa pili 1993. Aliacha sanduku lake limefungwa kufuli, dalili ya mtu anayerudi. Sanduku lilikaa chini ya kitanda hadi Novemba, bweni lilipokuwa likisafishwa, na mwalimu akaamuru kufuli likatwe. Nilikuwapo. Ndani mlikuwa na blanketi, shati jeupe lililokunjwa kwa adabu, mkebe wa mahindi ya kukaanga yaliyogeuka unga wa fukusi, na kitabu cha majedwali ya hesabu, kile tulichokiita logi. Nguo na blanketi zilipelekwa stoo. Kitabu nilikichukua mimi. Changu kilikuwa kimeibwa mwaka huo, na nilijiambia nakihifadhi tu hadi mwenyewe arudi. Nilikihifadhi hadi kwenye chumba cha mtihani. Jina lake liko ukurasa wa kwanza kwa wino wa buluu pamoja na nambari yake ya usajili, na kwa kitabu hicho nilipita Hesabu, nikaenda chuo cha ualimu, nikapata kazi ninayoila hadi leo.

Wanakamati wawili wamenijibu kwamba tukifungulia mlango kila mtu, hata aliyekaa shuleni wiki mbili atakuja kula mbuzi. Na aje. Mbuzi wawili hawatamalizwa na watu 23, ambao baadhi yao, tuseme ukweli, wameshazikwa. Mwingine akaniambia kuwa waliomaliza ndio walioteseka hadi mwisho. Nilimaliza, ndugu yangu, na sikuteseka kumshinda aliyelala Chwele na watu kumi na mmoja. Nilimaliza kwa sababu babangu alikuwa na mshahara kiwandani na ulikatwa karo kabla haujamfikia mkononi.

Tena hiyo karatasi ya watahiniwa haina utakatifu wowote. Humo mna wenzetu waliokaa miaka bila cheti, matokeo yakionekana ubaoni na cheti kikiwa kabatini kwa sababu ya salio la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inakataza shule kumnyima mtu cheti chake, lakini ilikuja tukiwa na mvi, na mmoja wao alikuwa ameshapoteza nafasi mbili za kazi. Huyo yumo kwenye orodha ya kamati. Aliyekosa salio hilo hilo miezi kumi na minane mapema, hayumo. Sioni mstari kati yao isipokuwa tarehe.

Ninachoomba ni kidogo. Kamati irudi shuleni, iache kabati la mitihani, iulizie daftari la usajili, lile kubwa la jalada gumu alilokuwa nalo karani siku tuliporipoti. Nambari za humo ndizo tulizopaka rangi kwenye masanduku, tukachora kwenye ndoo, vijiko na kingo za magodoro. Kuna mwenzetu ambaye hadi leo namkumbuka nambari kabla ya jina. Nambari ya mtihani tulipewa Kidato cha Nne na tuliitumia wiki chache tu. Majina 84 yaandikwe kibaoni kwa mpangilio ule wa foleni. Fundi wa kuandika anatoza kwa herufi. Gharama ya nyongeza nitailipa mimi.

Nawaomba pia walimu wakuu walinde madaftari hayo. Walioingia Kidato cha Kwanza 2024 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), watafanya KCSE 2027, na baada yao makabati mengi yatafagiliwa kupisha mambo ya mtaala mpya. Nimeona shule moja ikifungia mandazi karatasi za miaka ya themanini. Mandazi yalikuwa matamu, lakini karatasi ile ilikuwa na majina ya watu.

Mwezi uliopita nilikutana na jirani yangu wa kitanda cha chini. Ana duka la vifaa vya ujenzi Matete, anauza misumari, rangi na mabati, na amenenepa kunishinda. Alinijua kabla sijamjua. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji tukanywa soda, akaniuliza kama rimu ya lori bado ipo. Nilipomtajia mkutano alicheka akasema, "Hiyo ni ya nyinyi mliomaliza." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayekueleza bei ya misumari. Nami, mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nilishindwa kumwambia habari ya kitabu.

Kiko hapa mezani ninapoandika. Jalada limetoka, nimeligundisha kwa selotepu. Kamati ikikubali, nitamrudishia siku ya mkutano mbele ya wote na mniulize mnachotaka kuniuliza. Ikikataa, nitampelekea Matete, na hiyo siku ya mbuzi nitakuwa huko.

Mwanafunzi wa zamani,
Webuye, Kaunti ya Bungoma