Kiangazi cha Uingereza si kiangazi chetu

Mhariri,

Makala yenu imedai kwamba kiangazi cha Uingereza kimeharibika kwa sababu mvua na jua vinapokezana. Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Kwetu kiangazi ni ukavu: mvua imekatika, vumbi linatimka, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri. Neno hilohilo tunaivisha Juni, Julai na Agosti ya Uingereza, halafu tunashangaa ikinyesha. Huko hakuna majira yasiyo na mvua. Kwa wastani wa mwaka 1991 hadi 2020, nchi nzima hupata takriban milimita 250 katika miezi hiyo mitatu. Hata London, iliyo upande mkavu, hupata kama siku 8 za mvua kila mwezi, zikihesabiwa zile tu zilizofikisha milimita 1.

Sababu iko kilomita 9 hadi 12 juu angani, kwenye mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa ya joto ya kusini. Mkondo huo ukipita kaskazini mwa nchi, mgandamizo mkubwa wa hewa wa Visiwa vya Azores, vilivyo katika Atlantiki, hutanda, na jua huwaka wiki nzima. Ukishuka kusini, migandamizo midogo ya hewa, yenye kuleta mawingu na mvua, huingia kutoka Atlantiki, mmoja ukiondoka mwingine unabisha hodi. Tena mkondo wenyewe hujipinda, na mpindo ukikwama hali moja hudumu kwa wiki kadhaa. Mwaka 2023 Juni ilikuwa na joto kuliko Juni zote zilizowahi kupimwa nchini humo. Julai iliyofuata ikalowa, na Ireland ya Kaskazini, sehemu mojawapo ya Uingereza, ikavunja rekodi yake ya mvua ya Julai.

Vipimo vya joto vya kila mwezi vya katikati ya England vinaanzia mwaka 1659, na vya mvua ya England na Wales mwaka 1766. Ukivisoma huoni enzi ya majira tulivu. Majira ya 2012 yaliitwa ya mvua kupita kiasi, lakini yale ya 1912 yalikuwa yameshalowa hivyohivyo. Mafuriko yaliyoua watu Lynmouth, kijiji cha pwani kusini-magharibi mwa England, yalitokea Agosti 1952. Mwaka 1976, unaosifiwa hadi leo kwa jua lake, unakumbukwa kwa sababu haukuwa wa kawaida.

Kilichobadilika ni joto, na hilo ndilo lilistahili kichwa cha habari. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, mji mdogo mashariki mwa England, ilifikia nyuzi 40.3 za sentigredi. Kabla ya siku hiyo Uingereza haikuwahi kufika 40. Majira ya 2025 yakawa ya joto kuliko yote yaliyopimwa. Kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua ya ghafla inapoanguka huanguka kwa kishindo.

Tarehe za mvua nazo zinahitaji uangalifu. Kipimo cha kawaida cha Uingereza ni chombo cha shaba chenye mdomo wa milimita 127, ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi. Husomwa saa tatu asubuhi kwa saa za Greenwich, yaani saa nne kwa saa zao za majira hayo, na maji yote yanaandikwa kwenye tarehe ya jana. Mvua ya alfajiri ya Jumapili inakuwa ya Jumamosi. Chombo kikiwekwa karibu na ukuta, upepo unaozunguka hapo huharibu hesabu. Umbali unaofaa ni angalau mara mbili ya urefu wa ukuta huo.

Basi mkiandika tena, tuwekeeni milimita za miezi yote mitatu, wastani wake wa 1991 hadi 2020, na eneo zilikopimwa. Picha ya watu wenye miavuli London haitoshi kuthibitisha lolote.

Msomaji wenu