Kwa vijana wenye nyumba za mbao Goma: fuateni maji

Watoto wetu mlioanza unyumba huku Majengo, Katoyi, Mabanga, Ndosho na hadi Buhene,

Nawasalimu nyote, mama na baba wa kila nyumba. Nawaandikia kwa pamoja kwa sababu shida zenu ni zilezile: nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano, manjanja (mabati ya mawimbi) juu, watoto wadogo ndani, na mvua ya Septemba ambayo haimngoji mtu apate pesa. Naona namna pesa zenu zinavyopotea. Mnanunua ubao mpya, unaoza. Mnaziba tundu, linarudi. Fundi analipwa mara tatu kwa kazi moja. Sababu ni kwamba mnatengeneza mahali panapoonyesha uharibifu, na mnaacha mahali maji yanapoingilia.

Nianze na paa, maana paa ndilo linaloamua mengine yote.

Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, una gesi ya salfa. Ikikutana na mvua inakuwa asidi, na asidi hiyo inakula zinki iliyofunika bati. Zinki ikiisha, chuma kinabaki wazi na kutu inaingia. Ndiyo maana manjanja ya Goma yanazeeka mapema kuliko ya miji iliyo mbali na volkano, na ndiyo maana kununua bati jembamba hapa ni hasara. Mkiona BG, kipimo cha unene wa bati, jueni kwamba namba ikipanda unene unashuka: BG 28 ni karibu milimita 0.4, BG 32 ni karibu milimita 0.25. Kuna manjanja yanayouzwa kwa namba nzuri ambayo ni mepesi kuliko namba yake. Shikeni bati mbili za maduka tofauti kwenye ukingo, zinyanyueni, zikunjeni kidogo kwa kidole. Mkono unatambua tofauti.

Paa likivuja, msipande juu moja kwa moja kuziba pale mlipoona tone. Maji yakishapita kwenye tundu yanashika mti wa paa na kutembea nao, wakati mwingine mita moja au mbili, ndipo yanaangukia kitanda. Tundu karibu kila mara liko juu zaidi kuliko tone. Fanyeni hivi siku ya jua: mmoja akae ndani na chaki, mwingine awe juu na bidoni (dumu) ya maji. Amwage taratibu kuanzia ukingo wa chini wa paa, asubiri, kisha apande nusu mita na kumwaga tena. Tone la kwanza likionekana ndani, tundu liko kwenye mstari uliomwagiwa sasa hivi. Mkianza kumwaga kutoka juu, maji yatateremka kupita matundu yote na hamtajua ni lipi.

Matundu mengi yako kwenye misumari. Msumari wa manjanja unapigwa kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu bonde ndilo njia ya maji. Chini ya kofia yake kuwe na kipande cha mpira. Mipira ya dukani ikikosekana, mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki ukikatwa vipande vya sentimita tatu unafanya kazi vizuri. Msumari uliolegea msiugonge tena katika tundu lilelile, utalegea tena baada ya upepo wa kwanza. Ungoeni, pigeni mwingine mrefu zaidi palepale, au sogeeni kidogo kwenye mti mzima na mzibe tundu la zamani.

Tundu la kutu ni kazi nyingine. Kuweka lami peke yake juu ya kutu ni kuficha, kwa sababu kutu inaendelea kula chini yake. Sugueni kwa brosi ya waya mpaka chuma king'ae, pande zote za tundu, upana wa kiganja. Kateni kiraka kutoka bati la zamani lililo zima, lenye mawimbi yanayolingana. Pakeni lami, lazeni kiraka, pakeni tena kwenye kingo. Kingo ya juu ya kiraka iingie chini ya bati la juu yake kama inawezekana, ili maji yakiteremka yapite juu ya kiraka na si chini yake. Kama kutu imeshatoboa sehemu tatu au nne za bati moja, acheni viraka, badilisheni bati zima. Bati jipya lipande juu ya jirani yake angalau wimbi moja na nusu kwa ubavu, na sentimita 15 hadi 20 mwishoni. Paa lililo karibu kulala linahitaji zaidi.

Mkiwa juu, kanyageni kwenye mistari ya misumari, maana hapo ndipo kuna mti chini. Afadhali zaidi mlaze ubao na kutembea juu yake. Na kabla ya mguu kugusa ngazi, angalieni kama kuna waya wa umeme unaogusa manjanja. Huku kwetu nyaya zinapita kutoka parseli (kiwanja) moja kwenda nyingine juu ya mapaa, na waya uliochubuka unaweza kulifanya paa zima liwe na umeme.

Majivu ya volkano yakianguka, yafagieni yakiwa makavu, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa. Yakinyeshewa yanakuwa mazito, yanashika maji ya asidi juu ya bati, na yanajaza mfereji wa paa. Kabla ya kufagia, tenganisheni bomba linalopeleka maji kwenye tanki, vinginevyo mnayafagia kuingia katika maji yenu. Hata siku za kawaida, mvua ya dakika za mwanzo iachwe ioshe paa na kumwagika. Maji ya paa yanafaa kufua, kudeki na kuosha vyombo. Kwa kunywa na kupikia chukueni ya robine (bomba) au ya ziwa yaliyotiwa klori, kwa sababu mvua inayopita katika moshi wa volkano inabeba floridi, na floridi ikizidi inatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyosafishika. Klori nayo inataka dakika 30 ndani ya bidoni kabla ya mtu kunywa. Bidoni chafu ndani inaimaliza klori kabla haijafanya kazi yake, kwa hiyo osheni bidoni kwa changarawe ndogo na sabuni kila wiki. Kipindupindu hakijawahi kutupa likizo ndefu mjini hapa.

Sasa ukuta. Ubao wa chini kabisa ndio unaooza kwanza, na wengi wanadhani ni unyevu wa ardhini. Mara nyingi si huo. Mawe yetu yana vitundu, yanameza maji haraka. Kinachoozesha ni mvua inayoanguka kutoka kwenye paa lisilo na mfereji, inapiga jiwe na kuruka kiasi cha sentimita 30 kwenda juu, inalowesha mbao kila siku kwa miezi mitatu. Mkibadilisha ubao bila kuzuia mruko huo, mtabadilisha tena. Wekeni mfereji wa paa, hata wa bati lililokunjwa, wenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili. Au tandazeni changarawe chini ya ukingo wa paa, kwa kuwa tone likiangukia changarawe linavunjika. Ukuta wa mawe chini ya mbao ukiwa mfupi kuliko goti, ongezeni tabaka moja siku mtakapopata mfuko wa simenti.

Kubadilisha ubao wa chini ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Tegemezeni ukuta kwa mti kwanza, halafu ngoeni ubao. Chomeni nguzo kwa ncha ya kisu: ikiingia kirahisi zaidi ya nusu sentimita, nguzo nayo imeoza na ubao mpya hautapata pa kushika. Ubao wa unene wa sentimita mbili na nusu unataka msumari wa sentimita 7 au 8. Msumari ukiwa karibu na mwisho wa ubao, gongeni kwanza ncha yake iwe butu, hapo hautapasua mbao. Acheni nafasi ya kidole kati ya ubao na jiwe ili hewa ipite. Na zile fito mnazopigilia kuziba nyufa kati ya mbao mbili, zipigilieni upande mmoja tu. Mbao hujaa mvua ikija na husinyaa Julai. Fito iliyopigiliwa pande zote mbili inapasuka au inapasua ubao.

Oili chafu ya magari inapakwa sana kwenye mbao za nje. Inazuia maji kweli, lakini inashika moto na ina sumu. Isipakwe ndani, wala ukuta wa jikoni, wala mahali watoto wanapoegemea.

Kwa wapangaji: kabla ya kununua hata msumari mmoja, kubalianeni na mwenye parseli kama gharama itatoka kwenye kodi, mwandike, nakala mbili, sahihi mbili. Garanti yenu, ile pesa ya dhamana, imeshakaa kwake, msiongeze deni lisilo na karatasi.

Robine inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga kiasi cha bidoni ya lita 20 kwa siku. Mama anayelipia maji anaelewa hesabu hiyo. Kinachokuwa kimeisha ni kile kipira kidogo cha ndani. Fungeni vana (vali ya kuzuia maji), fungueni robine ili maji yaliyobaki yatoke, fungueni nati ya juu kwa ufunguo (spana), toeni shina, badilisheni kipira. Kama kiti chake, pale kinapokaa ndani, kimechimbika, kipira kipya kitakatwa baada ya wiki mbili, kwa hiyo kipapaseni kwa kidole kabla ya kufunga. Kwenye nyuzi za bomba zungusheni utepe mweupe wa teflon mara nane hivi, kwa kufuata upande ambao robine inakazwa. Mkizungusha kinyume unajikunja wakati wa kukaza na maji yanapita. Na tanki la lita 1000 likijaa lina uzito wa tani moja. Lisiwekwe juu ya meza ya mbao. Lijengewe mawe, pawe sawasawa.

Umeme niuseme kwa ukali, kwa sababu nyumba zetu zimebanana na moto ukianza kwa mmoja unakula avenyu, mtaa mzima. Resho (jiko la umeme) ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9. Ralonji (waya wa kurefushia umeme) nyembamba ya kuchajia simu haiwezi kubeba hiyo; inapata joto, mpira unayeyuka, ubao unashika. Waya wa taa uwe wa milimita za mraba 1.5, wa prizi (soketi) uwe wa 2.5. Viungo vifungwe kwa domino (kiunganishi cha skrubu), si kusokota na kuzungusha utepe tu. Prizi ikiwa na alama nyeusi au ikinuka, ondoeni, msiitumie hata siku moja zaidi. Disjonkteri, swichi inayokata umeme yenyewe, ikikata inasema kuna kosa. Kuiwekea uzi wa waya ili isikate tena ni kuwasha moto kwa mkono wenu.

Kuna hewa mbili zinazoua bila kelele. Ya kwanza inatoka kwenye mbabula, jiko la makaa. Makala (makaa) yanayowaka yasiingizwe chumba cha kulala kwa sababu ya baridi, hata kama hayatoi moshi. Moshi ukiisha ndipo watu wanajidanganya. Ya pili ni mazuku, hasa kwa wanaokaa Himbi, Keshero, Lac Vert na Bulengo. Ni gesi nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri isiyo na upepo, na inawakuta kwanza kuku, mbuzi na watoto kwa sababu wako chini. Huko msizibe matundu ya hewa yaliyo chini ya ukuta mkidhani mnazuia baridi. Na mtu asishuke kwenye shimo la choo au la tanki kulitengeneza akiwa peke yake. Akianguka, msimfuate ndani. Kamba iwe imefungwa kwake kabla hajashuka.

Kazi hizi zote zinashindikana si kwa ukosefu wa pesa peke yake. Zinashindikana kwa sababu baba anadhani ni za fundi, mama anaona tundu lakini hana ngazi, na watoto hawajaambiwa lolote. Mama ndiye anayeona kwanza mahali palipolowa, kwa hiyo neno lake litoshe kuanzisha kazi, asilazimike kulirudia mara tano. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusafisha mfereji wa chini, kuhesabu misumari, kushika taa. Pigilieni daftari nyuma ya mlango: tarehe, mahali palipovuja, kilichofanyika, kilichonunuliwa. Baada ya mvua mbili mtaona wenyewe ni upande gani wa nyumba unaokula pesa.

Na likelemba zenu, ile michango ya kupokezana, geuzeni moja iwe ya vifaa. Nyumba kumi, kila mwezi mchango uleule, lakini anayepokea apokee manjanja, misumari na lami, si pesa taslimu, na wengine wanne waje siku hiyo kusaidia kupandisha. Anayeanza awe yule ambaye paa lake ni bovu kuliko yote, hata kama kura haikumwangukia. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya paa. Septemba tayari ni kuchelewa.

Jumamosi baada ya salongo (usafi wa pamoja), wanaotaka kujifunza kubadilisha ubao wa chini waje na nyundo, msumeno na misumari ya sentimita 8. Tutaanza na nyumba ya yule mama mwenye mapacha, ukuta wake wa magharibi. Waje na wake zao na waume zao, kazi inataka watu wawili.

Mzee wenu wa avenyu,
Majengo, Goma