Kaka, Baba alikuwa analala ameketi

Kaka yangu, shikamoo.

Kila nikikupigia uko ziwani, na nikitaja hospitali tu unaniambia tutaongea mwezi ukiwa mkubwa, dagaa wakiwa hawavuliki. Miezi minne sasa mwezi umejaa na kupungua. Nimeona niandike hapa. Najua hata kambini mnapitishiana simu mkasoma, na huenda mwenzako mmoja akakusukuma kuliko ninavyoweza mimi.

Mdogo wetu ametoka hospitali ya Bugando, Mwanza. Anatembea hadi kwa jirani na kurudi bila kusimama njiani, kwa hiyo nashukuru. Lakini nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliambiwa kwa mkato. Wiki tatu baada ya kujifungua wale mapacha, miguu ilivimba hadi viatu vya baba watoto wake vikawa havimwingii. Usiku alikohoa mfululizo. Zahanati ya kwanza walisema ni uchovu wa uzazi, tukapewa dawa ya kikohozi. Upande wa ukweni wakasema kuna mkono wa mtu. Tulipoteza siku kumi na moja hapo katikati, na siku hizo bado zinaniuma.

Bugando walimlaza ubavu, wakampaka mafuta kifuani na kumpima eko, ile altrasaundi ya moyo. Daktari akanigeuzia kioo nione. Chumba cha kushoto cha chini, kile kinachosukuma damu mwili mzima, kilikuwa kimetanuka na kulegea. Nilikumbuka manati zetu za utotoni: mpira ukivutwa sana, unabaki mrefu ila haurushi jiwe. Moyo wenye afya hutoa asilimia 55 au zaidi ya damu iliyojaa chumba hicho kila unapopiga. Wa mdogo wetu ulikuwa unatoa 25. Damu isiposukumwa mbele inarudi nyuma, na maji yanavujia kwenye mapafu, miguuni, tumboni. Ndiyo maana akilala chali alikuwa kama anazama.

Kisha daktari akauliza: kuna mtu kwenu aliwahi kuwa hivi?

Nilikaribia kusema hapana. Sote tumekua tukisema Baba alikufa kwa kichocho. Ukerewe tumbo likijaa maji, jibu linakuwa kichocho, na ni kweli kichocho kinaharibu ini na kujaza tumbo. Ila nikakumbuka miguu yake. Nikakumbuka alivyokuwa akikesha ameegemea gunia la nyavu ukutani, kwa sababu akilala pumzi inakata. Siwezi kuapa kwamba ulikuwa moyo, maana hakuna aliyempima. Lakini daktari aliacha kuandika, akaniangalia, akauliza tuko wangapi tumbo moja.

Alinieleza kwamba ugonjwa huu wa moyo kutanuka, kwa theluthi moja hivi ya wagonjwa au zaidi, unatembea kwenye ukoo. Mara nyingi mzazi mwenye hitilafu hiyo ya jeni humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Hata kina mama wanaougua kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na miezi mitano baada ya kujifungua, baadhi yao wamekutwa na hitilafu zilezile. Mapacha, presha ya mimba na umri wa kuvuka miaka 30 vinaongeza hatari. Mdogo wetu alikuwa na mapacha na miaka 34. Hakuna aliyemroga, Kaka. Naomba uliseme hilo kwa sauti yako kule ukweni, wewe watakusikiliza.

Sasa nije kwako. Pombe yako sijawahi kuigusa kwa maneno kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Leo naigusa. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nilifurahi, kumbe ulihamia kwenye gongo. Pombe ni sumu ya moja kwa moja kwa msuli wa moyo. Madaktari wanahesabu kuwa hatari kiasi cha bia nne au zaidi kila siku, kwa miaka mitano na kuendelea, na gongo hata haipimiki kwa sababu hakuna anayejua ukali wa kilichomo. Moyo wenye hitilafu ya kurithi unaumizwa upesi zaidi na pombe hiyohiyo. Lililonipa nguvu ya kukuandikia ni kwamba mtu akiacha kabisa mapema, moyo unaweza kurudi, pengine karibu na ulivyokuwa.

Halafu ipo presha. Ule msiba tulipopimwa bure ulikuwa na 160 kwa 100, ukacheka, ukaenda kula. Moyo unaosukuma dhidi ya mgandamizo huo miaka na miaka mwishowe unachoka. Kisukari nacho kimo, na virusi vinavyoshambulia msuli wa moyo, pamoja na vya ukimwi pale dawa zinapokatishwa, jambo ambalo kwenye makambi ya kuhamahama linatokea sana. Yule mama jirani anayetibiwa saratani ya titi anapimwa eko mara kwa mara kwa sababu mojawapo ya dawa zake, doksorubisini, inaweza kuudhuru moyo.

Utaniambia unabeba magunia ya dagaa na husikii kitu. Nakuamini. Moyo unaweza kutanuka miaka kadhaa bila mwenyewe kuhisi chochote, na ndiyo sababu wazazi, ndugu wa damu na watoto wa mgonjwa wanashauriwa kupimwa wakiwa wazima. Mimi nimeshapimwa. Wangu uko sawa, ila nimeambiwa nirudie baada ya miaka michache. Hakuna sindano, hakuna kufunga kula, nusu saa hivi umemaliza. Wanao wawili wakubwa nao waje likizo.

Na ukikutwa nao, dawa zipo. Mdogo wetu anatumia enalapril, carvedilol, spironolactone, na furosemide ya kukojoza maji. Kila asubuhi anapanda mzani, kwa sababu kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku chache ni maji yanarudi. Ameambiwa asishike mimba nyingine moyo ukiwa bado dhaifu, na hilo limemliza kuliko yote. Wapo kina mama ambao mioyo yao inarudi ndani ya miezi sita. Tunaomba awe mmojawao.

Panda meli ya asubuhi kutoka Nansio, nitakungoja bandarini. Nauli nimeshatuma kwa shemeji, sikutuma kwako. Kuna jambo daktari aliniuliza nikashindwa kumjibu: Baba alianza lini kulala ameketi, kabla tumbo halijavimba au baada? Mimi nilikuwa mdogo. Wewe ndiye uliyekuwa unalala naye chumba kimoja.